Mzee Mistari na Tope Lililokaa Juu

Saa moja kasorobo asubuhi. Kufuli la kwanza linagoma, linabembelezwa, linafunguka. La pili linavutwa tu. Lilikufa zamani, limebaki kutishia watu. Mzee anaingia ghalani, anavua viatu vya njiani, anavaa vya kazini, kisha anasalimia kwa sauti.

"Hamjambo humu?"

Hajibiwi. Humu hamna mtu. Kuna masanduku elfu kumi na moja na ushee, yamepangwa kwenye rafu za chuma mpaka karibu na bati, na kila sanduku lina mawe.

"Nilisema siku wakinijibu ndiyo nitastaafu," anasema na kucheka peke yake. "Sasa wamenipa tarehe, na mawe bado yamenuna."

Tarehe yenyewe ni mwisho wa mwezi huu. Anafikisha miaka thelathini na mitatu ya kutunza ghala hili. Wafanyakazi wenzake wanamwita Mzee Mistari, na jina lake la kwenye kitambulisho hata mlinzi wa getini halijui.

Anajaza ndoo maji, anachovya sifongo, anafuta jiwe moja taratibu kama anayemfuta mtoto uso. Jiwe ni mviringo, refu kama mchi wa kutwangia, na humu ndani yote huitwa hivyo: michi. Lilikuwa la kijivu. Likilowa linageuka jeusi tii, na kaharufu hafifu kanapanda, kama ka taa ya mafuta iliyozimwa chumba cha pili.

"Umesikia?" anauliza, amefumba macho. "Huyo ndiye wanayemtafuta."

Basi hebu tega sikio, msomaji. Kitendawili: ghala langu halina mlango, mali yangu hakuna aliyeiona, na watu wameshaanza kugawana. Ukishindwa, toa mji, maana jibu liko mezani kwa Mzee Mistari. Ni mafuta na gesi yaliyomo ndani ya mwamba, ambayo bado hayajagunduliwa.

Mwamba huo ulikuwa tope. Tope la chini ya bahari iliyokauka kabla ya watu kuwapo, likagandamizwa na uzito wa dunia mpaka likawa jiwe jeusi linalobanduka kurasa kurasa, kama daftari lililolowa likakauka. Wataalamu wanauita mwamba wa shale. Mafuta yamo, ila si ziwa la kuchota. Yamejibana kwenye vitundu ambavyo jicho halivioni.

Kazi ya ofisi iliyo mbele ya ghala ni kukadiria kiasi chake. Ni sawa na kuambiwa useme boga lina mbegu ngapi kabla ya kulipasua, na boga lenyewe liko shambani kwa watu. Unafanyaje? Unatazama maboga mengine yaliyokwisha kupasuliwa. Unakata kipande kidogo cha ganda la hili lako, unakipika, unakinusa, unakipima. Kisha unakaa na wenzako, mnabishana, mnaiachia kompyuta ibahatishe mara maelfu.

Mwisho wanaandika namba tatu. Ya kwanza ni ndogo, ambayo wana hakika nayo mara tisini na tano kati ya mia. Ya tatu ni kubwa sana, ambayo bahati yake ni mara tano tu kati ya mia. Ya katikati ndiyo watu huishika, wakaenda nayo nyumbani na kuipangia maisha.

Ganda la boga ndiyo michi hiyo. Mashine ya kuchimba ikishuka kisimani, huvuta juu nguzo ya mwamba kwa mikupuo, mkupuo mmoja mita tisa. Nguzo hukatwa vipande vya mita moja moja, huletwa ghalani ndani ya mabomba yenye vifuniko, na hapo ndipo kazi ya Mzee Mistari inapoanza. Anatoa jiwe, analilaza mezani, anachora mistari miwili kutoka kichwani hadi miguuni. Mwekundu na mweusi.

"Jiwe likisimama wima, mwekundu uwe kulia," anaeleza. "Basi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Ukiona mwekundu uko kushoto, ujue jiwe limesimama kwa kichwa."

Jicho lake linakwenda mwisho wa ghala, kwenye meza ndefu iliyofunikwa turubai la bluu.

Chini ya turubai hilo kuna mkupuo wa saba wa kisima kimoja cha miaka kumi na tisa iliyopita. Hajaugusa wiki nzima. Kila asubuhi anasema leo, na kila jioni anafunga kufuli.

Ili kuelewa sababu, inabidi kumjua kwanza mkewe.

Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, fundi wa kushona sare za shule. Kila asubuhi mume akitoka alimtegea kitendawili mlangoni, na jioni alidai jibu kabla ya salamu. Mume akishindwa, alitozwa mji.

"Marehemu alikuwa na miji mingi kuliko serikali," anasema Mzee Mistari. "Mimi kichwa changu kizito. Nilikuwa natoa miji miwili mitatu kwa wiki. Hata majina yaliniishia, nikawa nampa mitaa."

Kisha kifua kikamshika. Alilazwa, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mume alipitia wodini kila siku kabla ya kazi, pamoja na binti yao wa pekee, aliyekuwa na miaka mitano. Mtoto alikaa kitandani kwa mama yake mpaka mama mdogo alipokuja kumchukua.

Asubuhi ile mgonjwa alikuwa amechangamka. Alikuwa ameegemea mito miwili, mtoto ubavuni, na mume hajakaa vizuri akasikia:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nimemshika kidole, kanishika mwili mzima."

"Homa."

"Homa unaishikaje kidole, wewe? Siyo."

"Mwiba."

"Siyo. Unazeeka vibaya, mume wangu."

Kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa ikalia. Muuguzi akaanza kuwatoa watu. Mume akasimama, akasema atatoa mji jioni.

"Usinipe tena mji wa vumbi," mke akamwambia. "Safari hii nataka wenye maji ya bomba."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosikia kwake.

Saa nane mchana alikuwa mezani na mkupuo wa saba. Mabomba tisa yamelazwa yakifuatana, la juu kabisa likianza kushoto, kila bomba kichwa chake upande wa kushoto, vifuniko vimeshatolewa. Alikuwa amechovya brashi nyekundu. Mlinzi akamwita kwenye simu ya ofisini. Aliyepiga alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe.

"Shemeji, njoo," sauti ikasema. "Njoo tu."

Alitaka kuondoka palepale. Msimamizi wake akamzuia kwa upole, akamwambia gari la ofisi limekwenda kuchukua vifaa, litarudi baada ya nusu saa. Kwa miguu hospitali ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Afadhali kusubiri. Na kwa kuwa vifuniko vimeshatolewa, amalizie mkupuo huo wakati anasubiri, mawe yasije yakachanganyika.

"Nikamalizia," anasema.

Anarudia neno hilo mara ya pili, polepole, kama anayelipima uzito.

"Mkono haukutetemeka. Nilichora mistari minyoofu kuliko siku zote. Nikapanga masandukuni, nikaandika namba, nikanawa mikono. Gari likaja."

Alipofika wodini kitanda kilikuwa kimeshavutiwa pazia. Mkewe alikuwa amekata roho robo saa kabla.

Watu walimwambia hata angekimbia asingemkuta. Amewasikia. Lakini yeye ni mtu wa ofisi ya makadirio, na kwa miaka kumi na tisa amefanya makadirio yake mwenyewe.

"Ningetembea, nisingemkuta. Hilo nina hakika nalo mara tisini na tano kati ya mia," anasema, akihesabu kwa vidole. "Ningekimbia, pengine. Ningekimbia halafu nipate mtu wa kunipakia njiani... mara tano kati ya mia. Tano si sifuri, au siyo?"

Hilo lilikuwa donda lake la zamani, na alikuwa ameshazoea kuishi nalo. Alimlea binti, akarudi ghalani, akaendelea kuchora. Mshahara wake, kwa maneno yake, huisha tarehe kumi na mbili ya kila mwezi, ukitaka usitake. Binti alirithi cherehani ya mama yake, naye akawa fundi wa sare.

Donda jipya alilipata mwaka jana.

Wataalamu waliamua kukadiria upya eneo lile la kisima, maana kampuni moja ilikuwa imeonyesha nia ya kuchimba. Makadirio ya zamani yalikuwa manono. Namba ya katikati ilisema mapipa milioni mia sita. Sababu ilikuwa mkupuo wa saba. Mita moja na nusu ya chini yake ilikuwa nyeusi, imejaa mafuta, na chini ya hapo kisima kiliingia tabaka nene la mita thelathini na nne ambalo halikuvutwa juu. Kifaa cha kupimia kisimani kilikuwa kimekwama siku zile. Kwa hiyo wakasema: kama mkupuo unaishia na mwamba mnono, basi tabaka linalofuata nalo ni lilelile, nono mpaka chini.

Mkuu wa wataalamu, mama mmoja wa makamo ambaye kila mtu anamwita Daktari ingawa hajawahi kutibu hata mafua, alimwomba Mzee Mistari autoe mkupuo huo na kuulowesha.

Akautoa. Akachovya sifongo. Kwenye mita ya nne akamwona konokono.

Sikiliza kitendawili kingine, hiki cha Daktari, anachowafundishia wanafunzi: nyumba yangu ndogo, sakafu yake tope, dari yake kioo. Jibu ni gamba la konokono aliyekufa baharini. Tope huingia ndani ya gamba, likatuama chini. Sehemu ya juu hubaki tupu, na baada ya miaka isiyohesabika hujaa chembe nyeupe zinazong'aa. Ukilipasua jiwe leo, utaona kijinyumba kidogo kama punje ya hindi, nusu nyeusi, nusu nyeupe. Nyeusi huwa chini siku zote. Tope halijui kupanda.

Konokono wa mita ya nne alikuwa na tope juu.

"Nikasema huyu kachanganyikiwa," Mzee Mistari anasimulia. "Nikamtafuta mwenzake. Mita ya sita, tope juu. Mita ya nane, tope juu. Nikakaa kwenye ndoo. Maji yalikuwemo, sikuyasikia."

Alikuwa ameona tarehe ya siku aliyofiwa na mkewe kwenye kibao cha sanduku, kwa mwandiko wake.

Akakumbuka kila kitu, hata hatua. Siku ile aliitwa kwenye simu akatoka kwa mlango mdogo wa nyuma. Aliporudi alipita mlango mkubwa, akili haiko naye, akasimama upande wa pili wa meza. Kushoto kukawa kulia. Aliyaona mabomba tisa mbele yake, akaanzia upande wa kushoto wake kama siku zote, akachora mita tisa zote kichwa chini miguu juu, ya mwisho ikawa ya kwanza.

Ule mwamba mnono haukuwa chini ya mkupuo. Ulikuwa juu. Ulikuwa utepe wa mita moja na nusu tu, basi. Lile tabaka nene la mita thelathini na nne lilikuwa linafuata mwamba maskini, mkavu. Mapipa mengi kati ya yale milioni mia sita yalikuwa yamechorwa na brashi yake.

Alilifunika jiwe kwa turubai, akamwambia Daktari kwamba rafu imeshikwa na kutu, ampe siku chache.

Siku chache zikawa kumi na moja.

Hapa inafaa kueleza alichokuwa anakiogopa, maana haikuwa barua ya onyo. Kwenye njia panda ya kuelekea eneo lile la kisima palikuwa pameanza kuchipuka mji. Watu walisikia namba ya katikati, wakaja. Mmoja kafungua gereji, mwingine duka la vifaa vya ujenzi. Na fundi mmoja wa sare za shule, baada ya kushona na kuweka akiba kwa miaka minne, alinunua kiwanja akajenga vyumba sita vya kupangisha wachimbaji.

Fundi huyo ni binti yake.

Siku ya kumi na moja alikwenda kwake. Alimkuta juu ya ngazi anapaka chokaa chumba cha tatu. Mama mdogo wa binti, aliyekuwepo akipika chai, anayakumbuka mazungumzo yao neno kwa neno.

"Mwanangu, shuka kidogo."

"Sema tu Baba, chokaa itakauka."

Akasema. Alipomaliza, binti alikuwa ameshuka mwenyewe.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na mama mdogo wako hapo, nadhani hajaziba masikio."

"Baba, ukinyamaza nani atajua?"

"Konokono yumo humo. Ipo siku mtu atalowesha lile jiwe."

"Ipo siku! Miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona huyo mdudu. Hata miaka mitano tu, Baba. Miwili. Wachimbaji waje, wapange, wachimbe, wakikosa waondoke. Mimi nitakuwa nimesharudisha jasho langu."

"Na hao wengine wa njia panda watakaokuja kujenga kesho? Nikipita wananisalimia, nijibu nini?"

Binti aliweka brashi ya chokaa chini. Kisha akasema jambo ambalo Mzee Mistari analieleza huku anatazama sakafu.

"Mama ulimwacha kwa ajili ya hayo mawe. Sasa unaniacha na mimi."

Kesho yake asubuhi alilifunua turubai, akamwita Daktari.

Daktari alikuwa ameusoma mkupuo ule miaka sita. Ameandika juu yake, amesafiri nao kwenye mikutano kwa picha. Alichukua lenzi, akainama kwenye mita ya nne, ya sita, ya nane. Akaligeuza sanduku taratibu, kama anayemgeuza mgonjwa kitandani.

"Mzee wangu," akasema mwishowe, "mwezi ungepita, mwaka ungepita, ungekuwa nyumbani umetulia. Kwa nini umeniambia?"

"Daktari, tope limekaa juu," akamjibu. "Mimi nitalala vipi chini?"

Namba mpya zilitoka baada ya wiki saba. Ya katikati ni mapipa milioni sabini. Kampuni iliandika barua ya adabu, ikaenda zake. Kibao chake kiling'olewa, zikabaki nguzo mbili. Mwenye gereji alihama na vifaa vyake. Vyumba sita vya binti vimesimama vimeezekwa, vimepakwa chokaa, madirisha bado ni matundu. Ndege wameingia chumba cha tano.

Mzee Mistari hakuadhibiwa. Ofisi iliandika kuwa ni kosa la kibinadamu. Lakini sherehe ya kumuaga, ambayo ilikuwa imeanza kuchangishwa, haitajwi tena. Watu wengine wakikutana naye kwenye korido wanakumbuka jambo walilolisahau walikotoka. Mlinzi tu ndiye hakubadilika.

"Mzee Mistari, umetupindua wote!" humpigia kelele getini. "Mimi leo nimeamka nimelala miguu kwenye mto, uje unichore."

Binti hakuongea naye miezi mitano.

Ghalani kuna utaratibu wa zamani: mstari ukishachorwa haufutwi. Ukikosea, unachora mingine kando yake, unaandika tarehe na kuweka saini, ili atakayekuja aone la kwanza na la pili. Mzee Mistari alimwomba Daktari kazi moja tu kabla ya kustaafu. Achore upya mkupuo wa saba kwa mkono wake. Akakubaliwa. Akamtumia binti salamu kupitia kwa mama mdogo, kwamba ni wiki hii, akitaka aje. Hakujibiwa.

Ndiyo maana turubai halijaguswa. Leo ni Ijumaa, na baada ya leo zinabaki siku sita za kazi.

Saa nne kasoro mlinzi anachungulia mlangoni. "Mzee, una mgeni. Nimemwambia aache viatu, kakataa."

Anaingia mwanamke mfupi, utepe wa kupimia bado uko shingoni, kama aliyetoka cherehani mbiombio. Anatazama rafu mpaka juu kwenye bati. Miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga humu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama." Anafuta mikono kwenye suruali. "Umekula?"

"Nimekula. Ni yapi?"

Wanakwenda pamoja mwisho wa ghala. Mzee analivuta turubai. Binti anayatazama mawe tisa, kisha anaomba aonyeshwe konokono. Anaonyeshwa. Anainama, anaweka kidole karibu bila kugusa.

"Kadogo hivi?" anasema. "Haka ndiko kamekula vyumba vyangu sita?"

"Ndiko hako."

"Siku ile ulisimama wapi?"

Mzee anazunguka meza, anasimama upande wa pili. Binti anabaki upande wa huku. Kati yao kuna mita tisa za tope la kale, mistari yake myekundu na myeusi imefifia kidogo tu. Mzee anachovya brashi. Mkono ambao haukutetemeka siku ile unatetemeka leo, rangi inadondoka sakafuni.

"Njoo upande huu, Baba," binti anasema. "Mimi nitalishika."

Anakuja. Binti analishika jiwe la kwanza kwa mikono miwili, baba anachora mwekundu, mwembamba, kando ya ule wa zamani. Wanafanya hivyo mpaka wanamaliza mita ya kwanza. Ndipo mzee, bila kuinua macho, anaanza kuongea juu ya kitendawili. Kwamba kuna kimoja marehemu alimwachia asubuhi ile, na hakuwahi kukitegua. Ameshawauliza watu wote humu. Mlinzi alisema ni umeme, maana uguse kwa kidole uone. Daktari alisema gundi.

"Nimemshika kidole..." anaanza.

"Kanishika mwili mzima," binti anamalizia.

Brashi inasimama hewani.

"Unakijua?"

"Si nilikuwepo, Baba, kitandani. Ulipotoka mama aliniambia jibu sikioni. Akasema nisikwambie mpaka utoe mji."

"Miaka kumi na tisa hukuniambia!"

"Hukuwahi kuniuliza. Nilidhani unajua." Anafuta jicho kwa mgongo wa mkono, anajipaka rangi nyekundu shavuni bila kujua. "Haya, toa mji."

"Mji gani tena, mwanangu? Ulikuwa nao wako, nimeukausha."

Binti anatazama jiwe alilolishika. Nje lori linapita, bati linatikisika, kisha linatulia.

"Huohuo," anasema. "Hata wa vumbi, nitauchukua."

"Basi chukua."

"Ni mtoto, Baba. Alikuwa ananionyesha mimi."

Mzee Mistari analaza brashi ukingoni mwa kopo. Anakaa kwenye ndoo ileile ya siku ya konokono, safari hii amekumbuka kumwaga maji, na analia kwa sauti, kama mtu asiye na umri. Binti haondoi mikono kwenye jiwe. Akiliachia, litabingirika.

Baadaye, macho yakiwa mekundu na chai aliyoleta mlinzi imeshapoa, mzee anaeleza mpango wake. Akikabidhi funguo mwisho wa mwezi hatarudi kwenye nyumba ya kupanga anakoishi sasa. Atahamia njia panda. Atatia vioo madirisha yote kumi na mawili kwa mafao yake, atawatoa ndege chumba cha tano, na atakaa chumba cha tatu, kile kilichokuwa kinapakwa chokaa siku ile. Shule ya karibu na hapo ina walimu wanaotembea saa nzima kwenda kazini. Huenda wakapanga hivyo vingine. Huenda wasipange. Hataki kutaja namba ya katikati.

"Nitakuwa mpangaji wake wa kwanza," anasema. "Kisha tutafute maji ya bomba. Mama yake aliagiza."

"Kodi ni tarehe moja," binti anamkumbusha. "Sitaki kusikia habari za tarehe kumi na mbili."

"Hata chai hujamaliza unanidai!"

"Shika brashi, Baba. Bado mita nane."

Mzee anainuka kwa kujishika kiuno. Anachovya brashi kwenye rangi nyekundu, na kabla haijagusa jiwe anatazama kwanza milango yote miwili, halafu miguu yake, halafu upande aliosimama. Binti anasubiri, amelishika jiwe la pili.